Kipandauso: Chembe sahani si chanzo, ila tahadhari yahitajika

KIPANDAUSO ni maumivu ya kichwa yanayopwita, aghalabu upande mmoja, yakiandamana na kichefuchefu na kuchukizwa na mwanga au kelele. Yasipotibiwa, huweza kudumu kati ya saa 4 na 72.

Kwa miaka mingi wataalamu walishuku chembe sahani, yaani chembe ndogo za damu zinazoundwa katika uboho wa mifupa na kuishi siku 7 hadi 10 hivi. Kazi yake kuu ni kuziba jeraha ili damu isizidi kuvuja. Aidha, ndizo hubeba karibu serotonini yote iliyomo katika damu, kemikali inayoathiri neva na mishipa.

Mnamo 1967, watafiti nchini Australia walieleza kuwa kiwango cha serotonini katika damu hushuka mgonjwa anaposhambuliwa na kipandauso. Mnamo 1978, Edda Hanington wa London alipendekeza kuwa kipandauso ni ugonjwa wa damu, unaotokana na kasoro ya chembe sahani.

Nadharia hiyo haikudumu. Mabadiliko ya serotonini yalionekana pia kwa watu wenye maumivu mengine ya kichwa, yakiwemo yale ya mkazo wa misuli. Leo kipandauso huhesabiwa kuwa ugonjwa wa ubongo na neva zake.

Hata hivyo, chembe hizo zingali na umuhimu. Watu ambao kipandauso chao hutanguliwa na vimulimuli machoni au ganzi wanakabiliwa na hatari ya kiharusi cha kuziba kwa mshipa takriban maradufu ya wengine, na chembe sahani hushiriki kuunda mabonge ya damu yanayoziba mishipa. Uvutaji sigara huzidisha hatari hiyo. Shirika la Afya Duniani huwashauri wanawake wa kundi hili wasitumie vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni.

Aspirini hutuliza kipandauso, lakini pia huzuia chembe sahani kushikamana. Homa ya dengue, ambayo imewahi kuzuka Mombasa, huumiza kichwa huku ikipunguza chembe hizo. Kumeza aspirini wakati huo kwaweza kuchochea uvujaji wa damu. Kwa hivyo, maumivu ya kichwa yanayoandamana na homa yanahitaji kupimwa hospitalini kabla ya kununua dawa hiyo.