Bernie Williams: Staa wa Beisiboli Aliyegeuka Mpiga Gita wa Jazi

Unamjua Bernie Williams? Huyu msee alizaliwa Puerto Rico 1968, na alianza kupiga gita akiwa mtoi, baada ya mbuyu wake kuleta moja kutoka Uhispania. Beisiboli ndiyo ilimpa jina: alichezea New York Yankees kuanzia 1991 hadi 2006, akabeba mataji manne ya World Series. Lakini gita hakuliacha. 2003, akiwa bado uwanjani, alidondosha albamu ya jazi, The Journey Within. 2009 ikafuata Moving Forward, iliyoteuliwa kuwania Latin Grammy. Doo na jina tayari alikuwa nazo, ila bado akarudi darasani, Manhattan School of Music, akamaliza digrii 2016 akiwa na miaka 47. So wewe uliyeacha chuo ukidhani form imeisha, tulia. Mlango haujafungwa.