Pakanga: Majani na Kipimo

Katika makala hii fupi tumekusudia kueleza historia ya pakanga, mmea ambao Wachina huuita qinghao na wataalamu huutambua kwa jina la Artemisia annua. Hapa Karambi, chini ya milima ya Ruwenzori na karibu na mpaka wa Kongo, malaria ni adui wa kila nyumba, na si ajabu kumsikia mtu akimshauri mwenye homa achemshe majani anywe.

Katika karne ya nne, tabibu wa Kichina, Ge Hong, aliandika kwamba mwenye homa za vipindi aloweke fungu la qinghao katika maji, alikamue, kisha anywe maji yake. Hakutaja kuchemsha. Maelezo hayo yalikaa kitabuni kwa miaka ipatayo 1,600. Mwaka 1971 Bibi Tu Youyou, mtafiti wa Beijing, aliyasoma upya baada ya majaribio mengi kumvunja moyo, akatambua kuwa huenda moto ndio ulioharibu nguvu ya dawa. Akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo, na dawa ikafaulu kwa wanyama. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliinywa kwanza wao wenyewe ili kuhakikisha usalama wake. Kiini kilichopatikana ni artemisinini, nacho kilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Mwaka 2004 Uganda iliamua kutumia dawa mseto yenye asili ya kiini hicho, badala ya klorokwini na Fansidar zilizokwisha kudhoofika. Je, chai ya majani haitoshi? La, haitoshi. Kiasi cha artemisinini hutofautiana baina ya shamba na shamba, tena hutegemea namna majani yalivyokaushwa na kuhifadhiwa. Kipimo kidogo huweza kupoza homa bila kuviua vijidudu vyote, na vinavyosalia huweza kuzoea dawa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, halikuunga mkono chai hiyo kwa kutibu wala kukinga malaria. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba kaskazini mwa Uganda wameona vijidudu vinavyochelewa kufa kwa artemisinini. Dawa hii ikishindwa, watoto wetu ndio watakaoumia kwanza.

Basi, walimu wenzetu, tuwafunze wanafunzi kuuheshimu mmea huu pamoja na kipimo chake. Mwenye homa apimwe damu, apewe dawa, aimalize. Tena kisa hiki kinafaa somo la ufahamu: maelezo machache, yaliyosomwa kwa makini, yameokoa roho nyingi.