Pilipili ya Guinea na moto wa Copenhagen

Mwaka 2027 pilipili mwitu ya Afrika Magharibi itatimiza miaka 200 tangu ipewe jina la kisayansi, Piper guineense. Jina hilo lilitokana na sampuli zilizonusurika vita, na aliyeifuatilia habari ya mkusanyo uliolizaa ni F. Nigel Hepper wa bustani ya Kew, Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1976.

Wenyeji hawakumngoja Mzungu. Waigbo huiita uziza, Wayoruba iyere, na supu yake hupewa mama aliyejifungua. Wareno waliikuta Benin miaka ya 1480 wakaanza kuiuza Ulaya. Vasco da Gama alipopata rubani Malindi mwaka 1498 akafika Calicut, wafalme wa Ureno wakaipiga marufuku ili isishindane na pilipili manga ya India.

Kisha akaja Mdenishi Peter Thonning. Mwaka 1799 serikali yake ilimtuma Guinea, sehemu ambayo leo ni Ghana, akatazame mimea ya kutoa rangi. Hadi mwaka 1803 alikuwa akichuma, akikausha, akiandika pia majina ya wenyeji na matumizi yao. Aliporudi aliwagawia wataalamu wenzake baadhi ya sampuli, na ukarimu huo ndio uliookoa kazi yake. Septemba 1807 Waingereza waliishambulia Copenhagen kwa mizinga na maroketi, wasitake meli za kivita za Denmark ziangukie mikononi mwa Napoleon. Mji ukawaka siku kadhaa, na mkusanyo wa Thonning ukateketea humo.

Profesa Schumacher akatumia sampuli zilizobaki kwa wataalamu hao, pamoja na maandishi ya Thonning, kuchapa maelezo: mmea unaotambaa juu ya miti kwa mizizi ya kwenye pingili, na punje zenye kikonyo, tofauti na za pilipili manga zisizo nacho. Jina la kisayansi, likiandikwa kamili, limebeba majina yao wote wawili. Waliomwonyesha Thonning kipi kinaliwa na kipi kinatibu hawamo, na hilo ni deni.

Baadaye pilipili hii ilitambuliwa pia katika misitu ya Congo na Uganda. Hadi leo nyingi huchumwa porini, na wachumaji wengine huukata mmea mzima ili wafikie matunda. Sherehe ya miaka 200 ifanyike Accra, si Copenhagen, na vitalu vya miche vianzishwe kabla ya hotuba.