Kutoka Ikulu hadi Makumbusho: Nyumba Mbili za Jirani Zetu

Neno "makumbusho" limetokana na kitenzi "kumbusha". Kwa hiyo jumba la makumbusho si ghala la vitu vya kale tu. Je, nyumba ya mtawala ikijazwa michoro ya wasanii wa leo, itatukumbusha nini? Tutafute jibu Rwanda, katika nyumba mbili ambazo historia yake inaigusa Burundi.

Ya kwanza iko kwenye kilima cha Rwesero, Nyanza. Ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 iwe kasri jipya la Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa, aliyetawala tangu mwaka 1931. Mwami hakuwahi kuhamia humo: tarehe 25 Julai 1959 alifariki ghafla papa hapa Bujumbura, wakati huo ukiitwa Usumbura. Mwaka 2006 nyumba hiyo iliyomkosa mwenyewe ilifunguliwa kuwa makumbusho ya sanaa, wachoraji na wachongaji wakapata ukumbi.

Ya pili iko Kanombe, Kigali, na ilikuwa makazi ya Rais Juvénal Habyarimana. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege yake ilitunguliwa ilipokaribia kutua, na mabaki yakaanguka penye nyumba hiyo. Ndani ya ndege alikuwamo pia Rais wetu, Cyprien Ntaryamira. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakafuata. Mwaka 2018 sanaa za Rwesero zilihamishiwa Kanombe. Leo mgeni hutazama michoro ndani, kisha nje huyaona mabaki ya ndege.

Mtu aweza kusema kwamba rangi nzuri ukutani hufunika majeraha. Hoja hiyo ina uzito, na ingeshinda kama mabaki yale yangeondolewa. Lakini yamebaki, na kazi za wasanii zimewekwa kando yake bila kuchukua nafasi yake. Zaidi ya hayo, nyumba iliyokuwa ya mtu mmoja, ikilindwa na askari, sasa raia yeyote aweza kuingia. Hapo ndipo mali ya mtawala inapogeuka kuwa urithi wa umma.

Nasi tunaoishi Kajaga, ambako majumba mapya huota kila uchao kando ya Ziwa Tanganyika, tujiulize: kabla ya kubomoa nyumba ya kale, nani ameulizwa inakumbusha nini?

Zoezi: Chagua nyumba moja ya kale mjini mwako. Waulize wazee historia yake, kisha uiandike kwa aya mbili.