Kutoka Mzega hadi Pikipiki Kuukuu: Ufundi wa Kuandaa Safari Unyanyembe

Wengi walioandika habari za Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi penye mji wa Tabora, ya karne ya 19 waliitaja kwa pembe za ndovu, kwa matembe ya Waarabu na kwa vita vya watemi wake, wakaliacha kando jambo ambalo, kwa rai yangu, ndilo lililoufanya mji ule uwe mji: kwamba hapakuwa mahali pa kufika tu, bali palikuwa mahali pa kutengenezwa upya. Msafara uliotoka Bagamoyo ukachakazwa na homa, utoro na kiu ya Ugogo, ulivunjwa ulipofika Kaze, jina ambalo wageni wa zamani walilitumia kwa Tabora, kwa sababu wapagazi walioajiriwa pwani aghalabu walikuwa wametoa ahadi ya kuishia hapo. Na mwenye msafara, apende asipende, ilimbidi akae wiki kadhaa akitafuta watu wapya, akifunga mizigo upya na kurekebisha kila kilicholegea, kabla hajathubutu kushika njia ya Ujiji au ile ya Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke, wasafiri Waingereza waliofika Kaze tarehe 7 Novemba 1857, siku 134 tangu waondoke pwani, walikaa hapo zaidi ya mwezi mmoja wakikaribishwa kwa ukarimu na Snay bin Amir, tajiri wa Kiharthi, naye ndiye aliyewakusanyia wapagazi na kuwapangia mambo ya safari iliyobaki.

Mji wa namna hiyo hauwezi kuishi bila mafundi. Burton mwenyewe alishuhudia kwamba Unyanyembe kulikuwa na wahunzi, maseremala, waashi, washona nguo, wafinyanzi na wasokota kamba, na haifai kuficha kwamba wengi katika hao walikuwa watumwa wa Waarabu, ambao majina yao hayakuandikwa na yeyote, ijapokuwa kazi ya mikono yao ndiyo iliyowafikisha matajiri Ujiji na kuwarudisha salama. Fauka ya hao walikuwapo wahunzi huru wa Usumbwa, upande wa kaskazini-magharibi, ambao majembe yao ya chuma yaliletwa Tabora maelfu kwa maelfu, yakawa bidhaa na fedha kwa wakati mmoja. Basi chuma, kamba, ngozi na mti vilikuwa na wajuzi wake katika nchi hii muda mrefu kabla ya spana ya kwanza kushuka melini.

Lakini fundi aliyekuwa mkuu kuliko wote alikuwa pagazi mwenyewe, na sanaa yake yastahili kutazamwa kwa karibu. Mtumba wa nguo ulishindiliwa mpaka ukawa mgumu kama gogo, ukafungwa ndani ya fito zilizoachwa na panda ncha moja, ili mchukuzi akitaka kupumzika auegemeze mtini ukiwa wima, asilazimike kuuinua kutoka chini tena. Na uzani wake ulikuwa takriban frasila 2, yaani ratili 70, juu ya mkeka wake, chungu chake na posho yake. Masango ya waya yalichukuliwa kwa mzega, yakigawanywa sawasawa kwenye ncha mbili za mti uliolazwa begani, kwa kuwa upande mmoja ukizidi kidogo tu, bega hulipa gharama hiyo kutwa nzima. Siku ya kuondoka palikuwa na mabishano makubwa, kila mtu akiinua mzigo huu na ule, akiupima kwa mkono na shingo; na wageni wa Ulaya, waliochukulia ghasia zile kuwa ukaidi, hawakutambua kwamba walikuwa wakitazama maarifa, maana aliyekwisha kuchagua mzigo wake hukaa nao hadi mwisho wa safari, na hapana mwingine awezaye kumwambia mwili wake unachukuaje.

Waliodharau kanuni hiyo ya kutazama kwanza njia na mchukuzi, kisha chombo, waliadhibiwa. Stanley, aliyekwenda kumtafuta msafiri Livingstone, alitoka Bagamoyo mwaka 1871 na punda 27, wengi wakafa. Mwaka 1877 wamisionari wa London waliingiza magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Saadani kuelekea Mpwapwa, wakiiga walioyazoea Afrika Kusini, na mbung'o wakawamaliza ng'ombe njiani. Mwaka 1879 ikaja zamu ya tembo wanne wa Kihindi, walioletwa kwa gharama ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji na kushushwa Msasani kwa shangwe. Mmoja tu ndiye aliyeifikia Karema, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Vyote hivyo vilikuwa vyombo vyema katika nchi zao. Hakuna aliyekaa chini kuvifanya vyombo vya nchi hii.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na upagazi wa biashara wa masafa marefu ukafa katika muda mfupi mno. Vita Kuu ya Kwanza ilipoingia, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lilileta mwaka 1916 kikosi cha pikipiki kutoka Afrika Kusini, kikaonja mchanga na tope la Tanganyika, na mwezi Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaitwaa Tabora wakitokea upande wa magharibi. Amani iliporejea, chombo cha mtu wa kawaida kilikuwa baiskeli, na baada ya mwaka 1944, ilipoundwa ofisi ya kuandikisha manamba wa mashamba ya mkonge, vijana wengi wa Kinyamwezi waliokwenda Tanga na Morogoro walikuwa na hamu ya kurudi na mali iliyo dhahiri, na baiskeli ilikuwa katika safu ya mbele ya mali hizo. Kuzifunga spoki zake kwa nguo, kuiongezea kibebeo cha chuma, kuifanya ichukue gunia ambalo aliyeiunda hakulidhania: hapo ndipo kazi ya pagazi ilipohamia kwa fundi.

Pikipiki ilikaa muda mrefu mikononi mwa maofisa wa serikali, mapadre na mabwana shamba, na haikuwa chombo cha umma mpaka zilipowasili pikipiki rahisi za China, kama SanLG, na baadaye Boxer na TVS za India. Tanzania ilitunga kanuni za kuzipa leseni ya kuchukua abiria mwaka 2010. Ila asili ya injini nyingi katika zile za China ina kisa ambacho vijana wa vijiweni wangefurahi kukijua. Kampuni ya Honda, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilitangaza mwaka 1954 kwamba itashindana katika mbio za kisiwa cha Man, ikashiriki mara ya kwanza mwaka 1959, ikashinda mwaka 1961. Na maarifa iliyoyapata katika mbio yakawa msingi wa injini zake, zenye kamshafti iliyowekwa juu ya silinda na kuzungushwa na cheni nyembamba. Injini hizo zilipofika katika nchi za joto na vumbi, ambako mtu hupakia kupita kiasi na kubadili oili pale tu anapopata fedha, zilikufa mapema. Wahandisi wa Honda walisafiri, wakatazama kwa macho yao jinsi vyombo vinavyotumika, wakarudi na tadbiri iliyoonekana kuwa ya kurudi nyuma: kamshafti ikashushwa chini, valvu zikasukumwa kwa vijiti viwili, na chombo hicho, CG125 cha katikati ya miaka ya 1970, kikawa kielelezo kilichoigwa na viwanda vingi vya China. Injini inayopumua leo mitaani Tabora ni mtoto wa uamuzi huo, nami nauona kuwa uamuzi wa adabu kuliko ushindi wowote wa kikombe.

Katika mabanda ya mafundi wa Ipuli, kata ambayo leo imo ndani ya manispaa ya Tabora, pikipiki iliyokwisha kuzeeka haitupwi, wala mwenyewe hashauriwi kununua mpya. Huulizwa inakwenda wapi na kubeba nini, kwa kuwa tumbaku ya Urambo, asali ya Sikonge na abiria wa sokoni si mzigo mmoja. Fundi huinua gurudumu la mbele, akalitikisa kwa mikono miwili na kuisikiliza shingo ya usukani kama beringi zake zina mchezo. Hufungua kifuniko cha valvu injini ikiwa baridi, akapima nafasi ambayo haifiki hata milimita 0.1, wengine kwa bapa la chuma na wengine, waliozoea, kwa kutikisa na kusikia. Anayekwenda na magunia hupewa sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi, ili apoteze mwendo na kupata nguvu ya kuvuta. Shokapu za nyuma hukazwa springi zake hatua moja au mbili, na zisipotosha huongezewa nyingine ubavuni. Kibebeo huunganishwa upya kwa moto, na vipande vya tyubu kuukuu hukatwa kuwa mipira ya kufungia.

Kisha huja tendo ambalo mpita njia hulidhania kuwa mzaha. Kabla ya kukaza cheni kwa mara ya mwisho, fundi humwamuru mwenye pikipiki apande, na ikiwezekana apande pamoja na mzigo au mtu wa uzani wake, ndipo yeye fundi huchuchumaa na kuupima ulegevu wa cheni kwa kidole. Sababu yake ni ya hesabu tupu: mkono unaoshika gurudumu la nyuma ukibonyea, masafa baina ya sproketi ya mbele na ya nyuma hubadilika, nayo huwa marefu kuliko yote pale mkono unapokuwa katika mstari mmoja na sproketi hizo mbili; hivyo cheni iliyokazwa vizuri chombo kikiwa kitupu itanyooka kama uzi wa gambusi chini ya gunia la mahindi, ikala meno ya sproketi na beringi za gia, au ikakatika porini, mbali na kila msaada.

Huko Ulaya wapo wapenzi wa pikipiki za mbio za zamani, mathalani Suzuki GSX-R750 iliyotolewa mwaka 1985, wanaozitayarisha kwa siku za kukimbia ndani ya viwanja vilivyozungushiwa, na Nürburgring ya Ujerumani imewapokea raia wa kawaida kwa malipo tangu ilipofunguliwa mwaka 1927. Hao nao huanza kwa kumpandisha mwenyewe, akiwa amevaa mavazi yake yote ya ngozi, wakapima springi zimebonyea kiasi gani chini ya uzani wake, na hutaka takriban milimita 30 hadi 40. Huondoa vioo, hubandika utepe juu ya taa, hubadili mafuta ya breki yaliyozeeka, hutoboa skrubu ya oili na kuifunga kwa waya isifunguke; na kwa zile zinazopozwa kwa maji, humwaga katika rejeta maji yenye dawa ya kuzuia kuganda wakatia maji matupu, kwa kuwa dawa ile ikimwagika lami huteleza na anayefuata nyuma huanguka. Wao wanatafuta mwendo na wa Ipuli wanatafuta uzani, na barabara zao hazifanani hata kidogo, ila mlango wa kuingilia kazini ni mmoja, ule ule wa pagazi aliyeinua mtumba na kuupima kwa shingo yake.

Tofauti iliyopo, nami naisema kwa uchungu, ni kwamba maarifa ya wale yamo katika vitabu na ya hawa yamo katika vidole. Kijana hujifunza kwa kukaa na fundi, akiosha vyuma kwa petroli na kushika taa, na siku fundi anapofariki hufa naye mambo mengi: ni springi ya chombo gani inayofaa kuongezwa kwenye chombo gani, ni sproketi ipi ya India inayoingia katika shafti ya China, na mchanga wa njia ipi unataka upepo kiasi gani katika tairi. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, inao utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini, na ni utaratibu mwema; lakini cheti humtambua mtu, hakiandiki anachokijua. Ningependa walimu na wanafunzi wa Tabora watoke na madaftari, wakae katika mabanda hayo, waandike vipimo hivyo kwa Kiswahili, kimoja kimoja, kwa jina la chombo na la njia. Na katika tembe la Kwihara, ambako Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872 na ambako leo wageni huonyeshwa habari zao, utengwe ukuta mmoja utakaowekwa mzega, spoki iliyofungwa nguo na injini ya CG125 iliyopasuliwa ionekane ndani, pamoja na maelezo ya waliovitengeneza.