Kutoka Sharhe ya Mwalimu Sikujua hadi Dondoo la Mtihani

Watu wengi hudhani ya kuwa uhakiki uliingia Afrika Mashariki pamoja na shule za serikali na mitihani ya Cambridge. Na dhana hiyo, ijapokuwa ina kweli yake kwa upande wa riwaya, haina kweli kwa upande wa ile kazi yenyewe ya kukaa mbele ya maneno ya mtu mwingine, kuyapima, na kumbainishia msomaji yaliyomo ndani yake. Kazi hiyo ilikuwapo pwani zamani sana. Katika misikiti ya Lamu, Mombasa na Unguja, mwezi wa Ramadhani ulipoandama, masheikh walidarsisha Tafsiri ya Jalalain ya Kurani baada ya sala ya alasiri, wakisoma Kiarabu na kukifasiri kwa Kiswahili, wakisimama penye neno lenye maana mbili, wakitaja sababu ya kushuka kwa aya, wakirejea nyuma palipoingia shaka. Na waliohudhuria walijifunza, pasipo kuambiwa, ya kuwa maneno yaliyopangwa kwa hekima hayasomwi kwa pupa.

Mashairi nayo yalikuwa na wajuzi wake. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, ndiye aliyeyakusanya kwa jitihada kubwa mashairi ya Muyaka bin Haji, ambayo takriban nusu karne baada ya kufa kwa mtunzi yalikuwa yamebaki vifuani mwa watu. Na alipomkabidhi W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa mwanafunzi na sahibu yake, hakumpa beti tupu, bali alimfungulia pamoja nazo maana ya maneno ya kale, na visa vilivyosababisha mashairi kutungwa, na habari za uhasama wa Mazrui, watawala wa Mombasa, na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja. Mtu asiyejua habari hizo husoma mafumbo ya Muyaka akaona utamu wa vina, akapita. Mashairi hayo yalikuja kuhaririwa na William Hichens na kupigwa chapa Johannesburg mwaka 1940, nami nayahesabu maelezo ya Mwalimu Sikujua kuwa miongoni mwa masomo bora ya uhakiki tuliyorithi, kwa kuwa mwendo wake ni mwendo wa mtu anayesoma kweli: alianza na neno, akatoka katika neno akaingia katika tukio, akatoka katika tukio akaingia katika nia ya mtunzi.

Riwaya iliingia kwa mlango mwingine. Askofu Edward Steere alikuwa amekwisha kupiga chapa hadithi za Kiunguja mwaka 1870, walakini hizo zilikuwa ngano zilizosimuliwa kwa mdomo. Kitabu kirefu cha nathari, chenye kisa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, kilikuja kuhitajiwa shuleni baada ya mkutano wa Dar es Salaam wa mwaka 1925 kutafuta lugha moja ya kufundishia, na baada ya Kiunguja kufanywa msingi wa lugha hiyo, na Kamati ya Lugha kuundwa mwaka 1930, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Lugha ilikuwapo, vitabu havikuwapo. Basi vikatafsiriwa, Kisiwa chenye Hazina cha Stevenson na Mashimo ya Mfalme Sulemani ya Haggard vikiwa miongoni mwa vya awali, na mtoto wa shule akavisoma kwa kusudi la kupata Kiswahili sanifu. Maswali yaliyomfuata yalikuwa aghalabu ya kumjaribu kama amefahamu: nani alikwenda wapi, neno hili maana yake nini, ufupishe mlango huu. Hata James Mbotela alipotoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, kitabu cha Mwafrika juu ya utumwa na makazi ya watumwa waliokombolewa huko Freretown, swali la kwa nini mwandishi aliwasifu Waingereza kwa kadiri ile lilikawia miaka mingi kuulizwa kwa sauti.

Kitabu kilicholazimisha namna nyingine ya kusoma, kwa maoni yangu, ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Nchi yenyewe inaelea hewani. Karama amesimama barazani ameshitakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, na mshitaki wake, waziri, anaitwa Majivuno. Naye Karama, badala ya kujitetea kwa kukana, anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande zote sita za ulimwengu kutafuta yenye faida kwa nchi yao, wakarudi na heri, wakatupwa gerezani. Mwalimu aliyeuliza darasani nani alitumwa wapi alipata majibu sahihi, na kitabu kikampita. Kwani majina ni hoja, baraza ni hoja, na kule kurudiarudia kwa kisa kile kile mara sita, jambo ambalo katika hadithi ya maharamia lingechosha, hapa ndilo linalomfanya msomaji ahesabu dhuluma moja juu ya nyingine hata ashindwe kusema ya kuwa ilikuwa bahati mbaya. Aliyeandika haya alikuwa karani wa serikali katika Tanganyika iliyotawaliwa na Waingereza. Mwanafunzi akiisha kuuliza nchi hii ni nchi gani, na kwa nini mwandishi aliitundika hewani asiitie jina la nchi ijulikanayo, amekwisha kuanza kuhakiki, hata kama hajafundishwa istilahi moja.

Istilahi zilikuja katika muda mfupi na wa kasi, nao ni muda unaostahili kukumbukwa kwa heshima. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, na mwaka ule ule Mwalimu Nyerere akatoa Elimu ya Kujitegemea; Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa; na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Farouk Topan alikuwa ameanza kufundisha fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili chenyewe, Idara ya Kiswahili ikafunguliwa mwaka 1970. Tafakari hali ya mwalimu wa siku zile: anaingia darasani kuzungumza juu ya riwaya kwa lugha ambayo hapo kabla haikuwa imetumika kwa kazi hiyo katika chuo kikuu, wala hana kitabu cha nadharia cha kushika mkononi. Maneno kama dhamira, maudhui, fani, mhusika na mandhari yalihitaji kuwekewa mipaka ilhali somo linaendelea, na waliosaidia kuiweka ni wanafunzi wenyewe. Na mkusanyo uliohaririwa na Topan mwaka 1971, Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili, una alama zote za watu wanaotafuta njia wakiwa wanatembea. Huko Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walikuwa wamekwisha kudai mwaka 1968 kwamba idara ya Kiingereza iondolewe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya mafunzo. Ugomvi wao ulivuma mbali zaidi. Kazi ya Dar es Salaam, iliyofanywa bila makelele, ndiyo iliyotupa lugha ya kuhakikia.

Na katika mwaka huo wa 1971 ikatoka Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ikaipa lugha hiyo jaribio gumu. Rosa ni binti wa Ukerewe, amelelewa na baba mkali na mlevi anayempiga kwa ajili ya barua ya kijana. Akitoka nyumbani na kupata uhuru ambao hakufundishwa namna ya kuutumia, anapotea, na mwisho wake ni mauti kwa mkono wake mwenyewe. Riwaya ilipigwa marufuku mashuleni kwa kuhofiwa kuharibu maadili, kisha baadaye ikaruhusiwa na kufundishwa. Kuna swali kubwa la uhakiki ndani ya kisa hiki, nalo ni la haki: dhambi ya Rosa ni ya nani, ya baba, ya wakubwa waliomchezea, ya shule, au yake? Darasa lililoachwa lijadili swali hili kwa kurejea kitabuni lilijifunza zaidi kuliko darasa lililoambiwa jibu. Kezilahabi mwenyewe alikaa pande zote mbili za meza, kwani mbali na kutunga alikuwa mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1976 ilimhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya.

Lakini mtihani nao ulikuwa ukikua. Baraza la Mitihani la Tanzania liliundwa mwaka 1973. Kenya ilianza mfumo wa elimu wa 8-4-4 mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima, na mtihani wa kwanza wa kumaliza shule ya upili, KCSE, ukafanywa mwaka 1989. Idadi ya watahiniwa ikakua mpaka msahihishaji mmoja asiweze kumjua mwanafunzi wala mwalimu wake, na ilibidi alama ya Kwale iwe sawa na alama ya Kakamega. Haki hiyo ni haki kweli, wala simlaumu aliyeitafuta. Lakini tazama ilivyofanya kazi katika swali la dondoo. Mtahiniwa huwekewa maneno machache kutoka riwaya teule, na la kwanza analotakiwa ni kueleza muktadha kwa alama nne: msemaji, msemewa, mahali na sababu. Akiandika ya kuwa maneno ni ya fulani, anamwambia fulani, wako mahali fulani, kwa sababu ya jambo fulani, amezipata zote nne. Na huenda asiwe ameona kwamba msemaji yule anadanganya, au kwamba msikilizaji anajua anadanganywa na ananyamaza kwa heshima, jambo ambalo ndilo roho ya ukurasa mzima. Hakuna alama iliyotengwa kwa ajili yake pale, kwa hiyo mwalimu mwenye haraka hana sababu ya kulifundisha.

Upande wa Tanzania, mgawanyo wa fani na maudhui, ambao kwa waanzilishi ulikuwa chombo cha kufikiri, uligeuka kuwa orodha ya vichwa vinavyoandikwa ubaoni kwa utaratibu usiobadilika: dhamira kuu, dhamira ndogondogo, migogoro, ujumbe, falsafa, nafasi ya mwanamke, kisha muundo, mtindo, wahusika, matumizi ya lugha, mandhari, na hatimaye kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Swali la mtihani likataka hoja tatu kwa kila riwaya katika riwaya mbili. Nimesoma madaftari ambamo Takadini ya Ben Hanson na Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo zimewekwa katika safu mbili, na mbele ya hoja ya mapenzi ya mama pana alama ya vema kila upande. Ni kweli mama yupo katika zote mbili. Lakini Sekai anakikimbia kijiji chake usiku kwa kuwa mila imekwisha kumhukumu mtoto wake zeruzeru, na anayemtisha ni watu anaowapenda. Ilhali Mama N'tilie anapigana na njaa na ada ya shule katika jiji ambalo halimchukii wala halimwoni. Safu mbili zimewafanya wanawake hawa kuwa mmoja, na mwanafunzi aliyewaunganisha amepata alama.

Miongozo ikafuata, kwa sababu penye orodha hapakosi wa kuijaza. Baadhi yake iliandikwa na wasomi makini, nami nimefaidika nayo. Ila mingi huuzwa kwa wanafunzi ambao hawataifungua riwaya yenyewe, na mwalimu anayesahihisha hutambua sentensi zile zile katika daftari baada ya daftari.

Kisha Kezilahabi akatoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vyembamba ambavyo vichwa vya ubaoni havikuweza kuvishika. Mandhari si mahali pa kutajwa, mhusika hana maisha ya kusimuliwa kwa mfuatano, na ujumbe hautoki hata ukikamuliwa. Wako waliovilaumu kwa ugumu, na nafahamu hasira yao. Lakini vilisaidia kuonyesha ya kuwa vipengele vilitengenezwa kwa kipimo cha riwaya za aina moja, na kwamba msomaji akikutana na aina nyingine yampasa kuanza upya na maneno yaliyo mbele yake. Haishangazi kwamba katika miaka iliyofuata waalimu walihitaji vitabu vipana zaidi: Ufundishaji wa Fasihi wa Kimani Njogu na Rocha Chimerah mwaka 1999, Uhakiki wa Fasihi wa K. W. Wamitila mwaka 2002, na mwaka uliofuata kamusi yake ya istilahi na nadharia, ambayo hadi leo haiondoki katika meza za wanaojitayarisha kuwa waalimu.

Wapo waalimu, nami nimo miongoni mwao, wanaochukua kipindi cha kwanza cha riwaya pasipo kutaja dhamira wala mandhari. Mwanafunzi hunakili aya moja upande wa kushoto wa daftari, tuseme aya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed inayomwonyesha Maimuna akiwa bado amefungiwa ndani ya nyumba ya baba yake Maksuudi, na upande wa kulia huandika sharhe: neno gani limemsimamisha, nani anayeona katika aya hii na nani anayeonwa, ni kitu gani mwandishi angeweza kukisema naye hakukisema. Mwanzoni wanafunzi hulalamika kwamba haya hayaulizwi. Kufikia mlango wa tatu huanza kubishana wao kwa wao, na mabishano yao huwa juu ya ukurasa uliofunguliwa, kila mmoja kidole chake kikiwa juu ya mstari anaoutetea. Na vile vichwa vya ubaoni vinapofika, kama inavyobidi vifike maadamu mtihani upo, vinakuta darasa lina jambo la kuvitilia ndani.