Betri Zilikuwa Nzima

Aprili 1979, katika kijiji kimoja nje ya Bariadi, baba yangu alichapwa fimbo tatu kwa kosa la kumaliza betri za redio. Alikuwa na miaka tisa. Mpaka leo anaapa kwamba hakuigusa.

Miezi mitano kabla, tarehe 2 Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alikuwa amelitangazia taifa kwamba tunaingia vitani dhidi ya Idi Amin, aliyeivamia Kagera. Mdogo wake Babu alikuwa mgambo, akaitwa, akaenda. Tangu siku hiyo Babu hakukosa taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Simiyu haikuwa mkoa bado, ilizaliwa 2012. Bariadi ilikuwa Shinyanga, zaidi ya kilomita 700 kutoka Dar es Salaam hata ukipaa kama ndege.

Babu alijua mambo mawili bila kufundishwa. Ndani ya nyumba ya bati redio ilikoroma. Chini ya mwembe ilisema. Na mchana sauti ya Dar ilikuwa hafifu, usiku ilikuja. Bati hulirudisha wimbi la redio lilikotoka, wakati paa la nyasi huliachia lipite. Jua nalo huamsha tabaka la chini la anga ambalo hunyonya mawimbi. Likizama, tabaka hilo hutoweka, mawimbi hupanda juu zaidi, kisha hupindishwa na kurudi ardhini, mamia ya kilomita kutoka yalikoanzia.

Jambo la tatu hakulijua. Usiku Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili, sauti ilikuja, ikafifia, ikapanda, ikazama kabisa. Betri zilikuwa zimeanikwa juani mchana kutwa. Kama hazina nguvu, basi kuna mtu alizitumia kusikilizia muziki. Babu hakutafuta mbali.

Miaka mingi baadaye, chuoni, nilisoma habari za Edward Appleton. Desemba 1924, Uingereza, kituo cha BBC cha Bournemouth kilirusha mawimbi baada ya usiku wa manane, yeye akayapokea Oxford. Urefu wa wimbi ulipobadilishwa polepole, nguvu yake ilipanda na kushuka, kupanda na kushuka. Wimbi moja lilikuwa limepita karibu na ardhi, jingine limetoka juu angani. Vilele vyao vilipokutana, sauti ilikua. Kilele kilipokutana na bonde, viliuana. Huko kupanda na kushuka ndiko kulikothibitisha kwamba juu yetu kuna tabaka linalorudisha mawimbi. Mwaka 1947 alipewa Tuzo ya Nobel.

Bariadi wimbi la ardhini halifiki. Lakini hata ya angani huja kwa njia zaidi ya moja, na anga halitulii, kwa hiyo huongezana na kuuana vilevile. Kilichompa Appleton tuzo ndicho kilichompa baba yangu fimbo.

Likizo iliyofuata nilimweleza Babu, nikichora mchangani kwa kijiti. Mdogo wake, aliyerudi salama kutoka vitani, alikuwa ameketi kando yetu. Babu aliitazama michoro kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo betri zilikuwa nzima?"

"Zilikuwa nzima, Babu."

Alinyamaza. Kisha akasema, "Baba yako yuko wapi? Niitie."